Kivinjari Chako Kinakumbuka Nini? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua tulizopokea tangu toleo lililopita zimetoka Mbale, Njoro, Kondele, Nakuru mjini, Kakamega, Bungoma na Kisumu, na karibu zote zinahusu ile programu tunayoifungua kila siku ili kuingia kwenye intaneti, ambayo wengi wetu tunaiita “Google” ingawa jina lake ni kivinjari. Nimezijibu kwa urefu tofauti kwa sababu uzito wake haulingani. Barua ya mwanafunzi wa Njoro nimeikalia kuliko nyingine zote, na ninamwomba kila anayetumia saiba aisome hadi mwisho.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Mbale, Kaunti ya Vihiga. Nina kipakatalishi cha zamani chenye Windows 7 na simu ndogo ya Android. Kipakatalishi kinanionya kila siku kwamba Chrome haipati masasisho tena, na simu inamaliza bando kabla sijamaliza kutafuta maandalizi ya somo. Nichague kivinjari gani?

Mwalimu, pole kwa usumbufu. Kabla sijakutajia jina, tutenganishe vitu vitatu ambavyo barua nyingi zinavichanganya. Kivinjari ni programu iliyo ndani ya kifaa chako, na kazi yake ni kuufuata ukurasa ulipo, kuuleta na kukuonyesha; Chrome, Firefox, Edge, Opera na Safari ni vivinjari. Google ni injini ya utafutaji, yaani mahali pa kuulizia ukurasa uko wapi. Tovuti ndiyo nyumba yenyewe unayokwenda kuitembelea. Kwa hiyo ukiacha Chrome ukahamia Firefox, Google utaikuta palepale na barua pepe yako ya Gmail utaikuta palepale. Vinavyobaki nyuma ni alamisho (kurasa ulizoziwekea alama ili uzirudie) na manenosiri uliyoyahifadhi katika kivinjari cha zamani, na hivyo navyo vinaweza kuhamishwa.

Jambo la pili ni kwamba chini ya majina mengi mna mashine moja. Chrome yenyewe ilitolewa mwaka 2008, na msimbo wake wa msingi, unaoitwa Chromium, umewekwa wazi ili wengine nao wautumie. Leo Edge ya Microsoft (tangu mwanzoni mwa mwaka 2020), Opera, Brave na kivinjari cha simu za Samsung vyote vimejengwa juu ya msimbo huo. Firefox, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Novemba 2004, ina mashine yake, na Safari ya Apple pia ina yake. Ndiyo maana ukurasa unaofunguka vizuri katika Chrome hufunguka vivyo hivyo katika Edge, na mimi sioni faida ya kubishana ni kipi kati ya hivyo viwili chenye kasi. Maswali yenye faida ni mawili: je, kivinjari hiki bado kinapata masasisho ya usalama kwenye kifaa nilicho nacho, na je, kinanilinda kwa kiasi gani dhidi ya matangazo na wanaonifuatilia?

Kwa kipakatalishi chako, swali la kwanza ndilo linaloamua. Toleo la mwisho la Chrome kukubali Windows 7 lilikuwa la 109. Tangu lile la 110 lililotoka Februari 2023, mlango huo ulifungwa. Firefox ilibakiza toleo la 115 la muda mrefu kwa ajili ya kompyuta kama yako, likaendelea kupewa marekebisho ya usalama baada ya wengine kuondoka. Likifunguka kwenye mashine yako, ni afadhali kuliko Chrome iliyoachwa. Hata hivyo hilo ni gongo la kukuvusha mto, halitakufikisha nyumbani, kwa sababu mfumo wenyewe wa Windows 7 umekwisha kuachwa, na hata Windows 10 ilifikia kikomo cha msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kumbukumbu ya kompyuta yako ni GB 4 au zaidi, mtafute fundi unayemwamini akuwekee Linux Mint au Ubuntu. Mifumo hiyo haiuzwi, na Firefox inayosasishwa huja nayo. Hamisha faili zako zote kwenye diski nyingine kabla hajaanza kazi.

Kwa simu, ninakushauri uwe na vivinjari viwili, kila kimoja na kazi yake. Opera Mini ni kizuri sana kwa kusoma habari na kutafuta maandalizi ya somo, kwa sababu ya namna kinavyofanya kazi: ukichagua hali yake ya kubana data kabisa, ukurasa hauji moja kwa moja kwenye simu yako, bali seva ya kampuni ya Opera huuchukua kwanza, huupunguza, kisha hukutumia ukiwa mwepesi. Lakini hapohapo ndipo penye kasoro yake. Kwa kuwa ukurasa umepita mikononi mwa seva ya kati, sitaki uandike katika hali hiyo nenosiri la benki wala la iTax, tovuti ya kodi. Tena fomu nyingi huvurugika humo, vitufe vikabonyezwa visiitike. Mambo ya fedha na ya serikali yafanyie katika Chrome au Firefox.

Firefox ya simu ina sifa ambayo Chrome ya simu haina: inakubali viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, na kimoja kati yake, uBlock Origin, huzuia matangazo yasipakuliwe hata kidogo. Tangazo la video ambalo halikupakuliwa halikuli bando. Vilevile, unapokuwa mahali penye Wi-Fi, fungua ukurasa unaouhitaji katika Chrome, bonyeza nukta tatu kisha mshale wa kupakua, nao utausoma darasani bila mtandao. Na badala ya kufungua kurasa kumi ukitafuta nyaraka za mtaala, andika kwenye sehemu ya kutafutia site:kicd.ac.ke filetype:pdf ukifuatiwa na somo na gredi. Utaletewa hati za PDF kutoka kwenye tovuti ya Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala peke yake, bila zile blogu zinazokuzungusha kurasa tatu kabla ya kukupa faili.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, ninaishi Njoro. Sina kompyuta, kwa hiyo kazi zangu zote huzifanyia saiba. Juma lililopita nilipata ujumbe kwamba mtu ameingia katika barua pepe yangu. Nilishangaa, kwa sababu siku zote hutumia hali fiche (Incognito) ya kivinjari na niliambiwa kwamba haiachi alama yoyote. Je, nimedanganywa?

Ndugu yangu, uliambiwa nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuumiza. Kwanza nikueleze nilichokiona mwenyewe.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya tarehe 30 Juni, ambayo ni siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho ya kodi, niliingia saiba moja karibu na stendi ya mabasi mjini Kisumu ili kuchapisha barua. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nilipopewa kiti, kivinjari kilikuwa wazi, na kichupo cha kwanza kilionyesha barua pepe ya mtu mwingine, jina lake likiwa juu pembeni. Nikaitoka akaunti ile bila kusoma kitu. Nilipofungua folda ya vipakuliwa kutafuta faili yangu, nikakuta ukurasa mzima wa karatasi za watu: vitambulisho vya taifa, mbele na nyuma, vyeti vya KCSE, vyeti vya PIN ya kodi, wasifu wa wanaotafuta kazi, wenye nambari za simu za wadhamini wao, barua ya hospitali. Faili nyingine zilikuwa za miezi kadhaa iliyopita. Hakuna aliyeziiba. Wenyewe walizipakua, wakachapisha, wakalipa, wakaondoka.

Kwenye kaunta palikuwa na daftari la kurasa 96, limepigwa mistari kwa rula: jina, PIN, nenosiri, simu. Mhudumu alinieleza kwa nia njema kabisa kwamba wateja husahau nenosiri la iTax mwaka hadi mwaka, kwa hiyo yeye huwawekea. Kijana yule alikuwa mwaminifu. Siku ile ile tulikaa pamoja tukafuta folda ile na kumwaga pipa la taka la kompyuta. Lakini daftari lilibaki kaunta, na kaunta hupitiwa na kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na daftari lililo wazi mezani halina ulinzi wowote.

Sasa turudi kwenye hali fiche. Ili uielewe, inabidi ujue kidakuzi ni nini. Mawasiliano ya kivinjari na tovuti hayana kumbukumbu: kila unapobonyeza kiungo, tovuti hukuona kama mgeni aliyefika sasa hivi. Mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa Netscape, alibuni njia ya tovuti kukipa kivinjari kipande kidogo cha maandishi cha kukirudisha kila kinapokuja. Kinafanana na ile karatasi yenye nambari unayopewa ukiacha mzigo wako stendi: anayekupokea hakuangalii sura, anaangalia karatasi. Unapoingia katika barua pepe yako, kidakuzi ndicho kinachosema “huyu ni yule aliyeandika nenosiri dakika tano zilizopita”. Ukiondoka bila kutoka katika akaunti, karatasi yako imebaki juu ya meza, na atakayekaa kwenye kiti hicho atapewa mzigo wako.

Hali fiche hutupa karatasi hizo pamoja na historia ya kurasa, lakini huzitupa pale tu madirisha yote ya hali fiche yanapofungwa. Ukiliacha dirisha moja wazi, au ukiketi kwenye kompyuta ambayo mtu mwingine alikwisha kufungua dirisha fiche, mnashirikiana vidakuzi vilevile. Faili ulizopakua hazifutwi. Zinabaki kwenye diski. Mwenye mtandao wa saiba, pamoja na kampuni inayomuuzia intaneti, bado wanaweza kuona ni tovuti zipi zinazotembelewa. Na kama kompyuta imewekwa programu ya kunasa unachokiandika kwenye kibodi, hali fiche haina la kufanya, kwa kuwa nenosiri lako linanaswa kabla halijafika kwenye kivinjari. Chrome yenyewe huyaeleza mengi ya haya kwenye ukurasa wa kwanza wa dirisha fiche, ila maandishi yale hakuna anayeyasoma.

Kwa hiyo leo, kwa kutumia simu yako na si kompyuta ya saiba, badilisha nenosiri la barua pepe. Kisha fungua sehemu ya usalama ya akaunti, utazame orodha ya vifaa vilivyoingia, na uvitoe vyote usivyovitambua. Usiishie hapo, kwa maana aliyeingia mara moja hupenda kujiachia mlango wa nyuma: angalia nambari ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti kama bado ni zako, na uangalie mipangilio ya kusambaza barua, isije ikawa nakala ya kila barua unayoandikiwa inakwenda kwa mtu mwingine. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti idai uthibitisho mwingine baada ya nenosiri. Kama nenosiri hilohilo ulilitumia HELB, KUCCPS au kwenye tovuti ya chuo, kote huko libadilishe, na safari hii kila mahali pawe na lake. Tovuti ya Have I Been Pwned, iliyoanzishwa na Troy Hunt wa Australia mwaka 2013, itakuonyesha bila malipo kama anwani yako ya barua pepe imo katika data zilizowahi kuvuja.

Siku nyingine ukifika saiba, funga madirisha yote uliyoyakuta, kisha ufungue lako fiche kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N katika Chrome au Edge, ama Ctrl, Shift na P katika Firefox. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nenosiri, katalia. Faili zako zipakue moja kwa moja kwenye flashi yako. Zikishukia kwenye folda ya vipakuliwa, zifute na umwage pipa la taka kabla hujanyanyuka. Kama ulitumia dirisha la kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Delete, uchague muda wote, ufute. Lakini hakikisha kwanza hujaingiza akaunti yako ya Google ndani ya Chrome yenyewe, kwa kuwa ukifuta ukiwa umeiingiza unaweza kufuta historia na manenosiri yako ya kwenye simu pia.

Kuna njia moja zaidi ya kuvuja ambayo karibu kila mtu anaisahau, nayo ni WhatsApp. Unataka kuchapisha hati iliyo kwenye simu, unaunganisha WhatsApp na kompyuta ya saiba kwa kuskani msimbo, unachapisha, unakwenda zako, na mazungumzo yako yanaendelea kuonekana kwenye skrini ile hadi jioni. Fungua sasa hivi sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uondoe usivyovijua. Hata wale wanaotuma hati kwenye barua pepe ya saiba ili wachapishiwe wajue kwamba hati hiyo inakaa katika kikasha hicho mpaka mtu aifute. Mwombe mhudumu aifute mbele yako. Ni haki yako, na mhudumu mwema hatakasirika.

Nina duka Kondele. Simu yangu kila baada ya muda mfupi inaleta ujumbe kwamba ina virusi na nibonyeze ili isafishwe. Kijana wa kuuza simu aliniambia niiondoe data yote nianze upya. Je, nifuate ushauri huo?

Mama, usiifute simu bado. Ukiufungua ujumbe huo kwa kidole bila kuubonyeza, yaani ukiuvuta chini ili uonekane wote, mara nyingi utaona alama ya Chrome na jina la tovuti usiyoijua. Hiyo si virusi. Ni arifa: siku moja ulifungua ukurasa, labda wa matokeo ya mechi au wa kupakua wimbo, ukakuomba ubonyeze “ruhusu” ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti, nawe ukabonyeza. Tangu hapo tovuti hiyo ina ruhusa ya kukutumia ujumbe hata kama hujaifungua. Wanachotaka ni ubonyeze upakue programu yao ya “kusafisha”, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Fungua Chrome, bonyeza nukta tatu zilizo juu, uende kwenye Mipangilio, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa; zizuie zote isipokuwa zile unazozitaka kwa hakika, au uzime kabisa maombi ya arifa. Mimi nimezima kabisa na sijawahi kujuta. Matangazo yakiendelea kujaza skrini hata baada ya hapo, basi yanatoka katika programu uliyoisakinisha karibuni, mara nyingi tochi, kibodi au ya kubana picha. Iondoe hiyo kwanza.

Nilitaka cheti cha polisi cha tabia njema. Nikatafuta kwenye Google, nikabonyeza tovuti ya kwanza, nikajaza kila kitu na kulipa kwa simu. Nilipokwenda kupigwa alama za vidole nikaambiwa ombi langu halipo. Tovuti ilikuwa na kufuli na nembo ya taifa. Mimi ni seremala, Nakuru.

Fundi, pole sana. Fedha za jasho zikienda hivyo huuma, na huna sababu ya kuona aibu, kwa sababu vitu vyote viwili ulivyoviangalia ndivyo watu walivyofundishwa kuviangalia kwa miaka mingi.

Tuanze na kufuli. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa njiani, asiweze mtu wa kati kuyasoma. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili. Tangu mradi wa Let's Encrypt uanze kutoa vyeti vya usimbaji bila malipo mwaka 2015, jambo lililowasaidia watu wengi wema, mlaghai naye anaweza kupata kufuli kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo Chrome iliondoa alama ya kufuli mwaka 2023, ikaweka nyingine isiyoahidi usalama. Nembo nayo ni picha tu, hunakiliwa. Na matokeo ya kwanza kwenye utafutaji huwa mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, lenye neno dogo la kuonyesha hivyo juu yake.

Kitu cha kusoma ni anwani, tena isome kwa namna hii. Ondoa https:// mwanzoni, nenda mpaka mkwaju (alama ya /) wa kwanza unaofuata, au mpaka mwisho wa anwani kama hakuna mkwaju, kisha usome kurudi kushoto. Maneno ya mwisho kabla ya mkwaju ndiyo yanayomtaja mwenye nyumba. Anwani za go.ke hupewa taasisi za serikali ya Kenya peke yake, ilhali co.ke na com mtu yeyote hujisajilia. Kwa hiyo anwani inayokwisha kwa ecitizen.go.ke, tovuti ya kuombea huduma za serikali, ni ya serikali. Lakini ukiona baada ya go.ke kuna nukta au kistari na maneno mengine ndipo mkwaju uje, mwenye nyumba ni yule wa maneno ya mwisho, na “ecitizen” iliyotangulia ni pambo la kukupumbaza. Kwenye simu anwani hukatwa kwa sababu skrini ni fupi. Iguse ili uione yote. Malipo ya huduma za serikali kupitia eCitizen hutumia nambari ya Paybill 222222. Ukiombwa kulipa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, simama hapohapo.

Kuhusu fedha zako, piga simu leo hii kwa kampuni uliyotumia kulipa, ukiwa na ujumbe wa muamala mkononi, uwaombe wazizuie kama bado hazijatolewa. Piga picha za skrini za tovuti hiyo kabla haijaondolewa, na uandikishe ripoti katika kituo cha polisi; Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inalihesabu jambo hili kuwa uhalifu. Kwa kuwa ulijaza nambari ya kitambulisho chako, jihadhari pia na simu za watu watakaojifanya wanataka kukurudishia fedha. Ombi jipya lifanye kwenye anwani sahihi au uende Huduma Centre hapo Nakuru, na ukishaifungua tovuti sahihi, iweke kwenye alamisho za kivinjari. Anayefungua alamisho yake hapiti tena kwenye matangazo.

Mimi ni karani, Kakamega. Kila siku ninaunganisha hati za PDF na kupunguza picha ili ziingie kwenye fomu za mtandaoni. Ni zana zipi unazozipendekeza?

Inategemea hati ni ya nani. Mashairi ya shule au tangazo la mkutano ukiyapeleka kwenye tovuti kama iLovePDF au Smallpdf, hakuna ubaya. Lakini kitambulisho cha mteja ukikipandisha huko, umekituma kwenye kompyuta za watu wengine, hata kama wanaahidi kukifuta baada ya muda. Kwa hati za watu tumia kilicho ndani ya mashine yako: kivinjari chochote cha kompyuta, ukibonyeza Ctrl na P, kina chaguo la kuhifadhi ukurasa kama PDF, na Firefox inakuruhusu kuandika maneno juu ya PDF bila kuipeleka popote. Kwa kuunganisha hati, bandika kurasa zote ndani ya LibreOffice, programu ya kuandikia hati, kisha uhifadhi kama PDF moja. Kupunguza picha, Squoosh ni nzuri kwa sababu hufunguka kwenye kivinjari lakini kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta yako, picha isiondoke.

Mimi ni mstaafu wa Bungoma, macho yamechoka. Maandishi ya magazeti mtandaoni ni madogo na matangazo yanarukaruka.

Mzee wangu, kwenye kompyuta shika Ctrl huku ukibonyeza alama ya kujumlisha, maandishi yatakua kila unapobonyeza. Ctrl na sifuri huyarudisha yalivyokuwa. Katika Firefox, kwenye habari ndefu, tafuta alama ndogo ya karatasi mwishoni mwa sehemu ya anwani. Ukiibonyeza, matangazo yote yataondoka, yatabaki maandishi peke yake kwenye ukurasa mweupe, nawe utachagua ukubwa na hata rangi ya ukurasa. Edge nayo inaweza kukusomea kwa sauti. Mjukuu akikuonyesha mara moja, hutamhitaji tena kwa jambo hili.

Niliona tangazo la zabuni kwenye tovuti ya taasisi moja hapa Kisumu. Nilipolirudia baada ya siku kumi, ukurasa umeondolewa. Je, kuna njia ya kulipata?

Jaribu Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani linalotunzwa na Internet Archive ya San Francisco na lililofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Nenda web.archive.org, ubandike anwani kamili ya ukurasa ule; kama anwani huikumbuki, bonyeza Ctrl na H kwenye kompyuta uliyotumia na uitafute katika historia. Ghala likiwa lilipita siku zile, utaona kalenda yenye tarehe zilizowekewa duara, na ukibonyeza duara utaona ukurasa kama ulivyokuwa siku hiyo. Halipiti kila mahali, kwa hiyo kwa zabuni zijazo usilingoje: kwenye ukurasa huohuo wa kwanza kuna sehemu ya kuhifadhi, unabandika anwani siku unapoliona tangazo, na nakala yenye tarehe inabaki ambayo hata mwenye tovuti akifuta ukurasa wake utaweza kumwonyesha.